Ua wa kipupwe: ukitaka kukaa nje Malindi wakati wa kusi

Wageni kutoka Nairobi wakitukuta mwezi wa Julai tumejifunga mashuka na masweta hucheka mpaka wakachoka. Kipimajoto nacho hakitutetei. Usiku wa kipupwe hapa Malindi mara nyingi ni nyuzi 22 hivi, na mchana joto linapanda hadi 27 au 28. Kwa mtu wa bara hiyo si baridi hata kidogo. Lakini kaa uani saa mbili za usiku, kusi, ule upepo wa kusini wa msimu huu, limevuma tangu adhuhuri, rasharasha imepita saa kumi, mto wa kiti umelowa kwa chini, kisha uniambie.

Kinachotufukuza nje msimu huu ni upepo na unyevu. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa ya uvuguvugu juu ya ngozi, na upepo hulipeperusha kila linapojitengeneza. Nguo ikiwa na unyevu, au ngozi ina jasho la mchana, maji yake yanapokauka yanaondoka na joto la mwili. Ndiyo maana ninapoitwa kutengeneza ua, mwenye nyumba huanza kuniuliza bei ya jiko la nje, nami huanza kumuuliza kusi linaingilia wapi.

Ushauri wangu wa kwanza ni wa bure, na watu hawaupendi kwa sababu hauna cha kununua. Hamisha viti upande wa kaskazini wa nyumba.

Malindi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Juni jua limehamia kaskazini, na adhuhuri ya tarehe 21 linakuwa limetoka utosini kwetu na kuinamia kaskazini kwa karibu nyuzi 27. Ukuta wa urefu wa mita 4 unatupa kivuli cha mita 2 upande wa kusini saa hiyo, na upande wa kaskazini jua linapiga hadi chini kabisa penye msingi. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukipigwa hivyo mchana kutwa unahifadhi joto, na ukiegemeza mgongo baada ya magharibi utalisikia. Wakati huohuo kusi linavuma kutoka kusini na kusini mashariki, Aprili hadi Septemba, kwa hiyo nyumba yenyewe inakukinga. Jua unalo, upepo huna.

Sasa geuza msimu. Desemba jua liko kusini, limeinama kama nyuzi 20, na pepo za kaskazi zinatoka kaskazini mashariki. Palepale ulipokaa Julai unapata kivuli cha adhuhuri na upepo wa kukupoza. Upande mmoja wa nyumba unafaa misimu yote miwili, na upande wa kusini ni kinyume chake: baridi kipupwe kinapokuja, tanuri wakati wa kaskazi. Kila nikipita barabara ya Casuarina huona baraza za nyumba za kifahari zimejengwa zikitazama bahari, mashariki na kusini mashariki, kwa ajili ya picha. Desemba ni pazuri. Julai viti vimefunikwa maturubai na wenye nyumba wako jikoni.

Kama una nafasi ya kuchagua, chukua pembe ya kaskazini mashariki. Mwezi wa Juni na Julai jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, kwa hiyo pembe hiyo ndiyo inayopata mwanga wa kwanza, wakati umande bado uko kwenye majani. Chai ya tangawizi na mahamri hapo ni raha. Usipande mti mnene mahali hapo.

Wengi lakini hawana ua wa kaskazini. Kiwanja ni cha futi hamsini kwa mia, jirani amejenga hadi mpakani, na ua pekee uliobaki unatazama kusi moja kwa moja. Hapo ndipo tunapohitaji kizuizi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa mtu akiwaza kuzuia upepo huwaza ukuta. Upepo ukikuta ukuta mzima haupotei. Unapanda juu kwa kasi, kisha unaangukia nyuma yake ukizungukazunguka, kama maji ya mto yanavyofanya nyuma ya jiwe. Ukikaa nyuma ya ukuta wa namna hiyo mchanga unakuingia machoni na moshi wa jiko unakurudia usoni, na hujui unatoka wapi.

Kizuizi kizuri kinapitisha upepo kidogo. Kiwe na matundu kiasi cha nusu ya eneo lake, au pungufu kidogo ya hapo. Sina kitu ninachokipenda kwa kazi hii kuliko makuti ya kumba, yale ya kuti zima lililosukwa, ambayo wazee walizungushia nyua zao kabla ya matofali ya saruji kuwa fahari. Ni rahisi, yanapatikana kila upande wa Malindi, na msuko wake una matundu yanayofaa bila mtu kupiga hesabu. Kipimo changu ni hiki: simama hatua tatu kutoka kwenye ua wa kumba, mwambie mtu apite upande wa pili. Ukiona kuna mtu anapita lakini humtambui ni nani, msuko uko sawa. Ukimtambua, ongeza kumba la pili. Usipoona chochote, fundi amebananisha mno, mwambie alegeze.

Kizuizi cha kimo cha mita 2 kinatuliza upepo vizuri zaidi katika umbali wa mita 6 hadi 10 nyuma yake. Basi meza isigande kwenye kumba, isogee ndani kidogo. Na kizuizi kizidi sehemu ya kukaa pande zote mbili, maana upepo hupenda kuzunguka kwenye ncha. Nimeona watu wakijenga kipande cha mita tatu mbele ya viti viwili kisha wakalalamika kwamba kumba halina kazi.

Nguzo ziwe za mvinje. Zinauzwa kote Kilifi, zimenyooka, na bei yake inavumilika. Chini zipakwe lami kabla ya kuchimbiwa, la sivyo mchwa watazimaliza mapema. Mikoko ni migumu zaidi lakini haikatwi bila kibali, kwa hiyo akija mtu kukuuzia boriti usiku, achana naye. Wapo wanaopenda kupanda mivinje yenyewe iwe kizuizi, na kweli inastahimili chumvi na mchanga kuliko miti mingi. Tatizo lake ni kwamba inapokua hupukutisha matawi ya chini, na baada ya miaka kadhaa una vigogo na upepo unapita miguuni mwake. Panda bogenvilia mbele yake, au mkadi, uzibe pale chini.

Kuhusu paa, makuti ya viungo, yale ya majani yaliyoshonwa kwenye ufito, bado hayajapata mshindani. Mwinamo usipungue nyuzi 45, kwani maji yakichelewa juu ya makuti yanayaozesha na kudondoka kwenye uji wako. Upande wa kusi shusha paa mpaka mtu mzima ainame kupita, upande wa kaskazini liinue jua liingie. Mafundi wengi hujenga pande zote sawa kwa mazoea, kwa hiyo mwambie mapema, kabla hajafunga upau wa kwanza. Na kazi yote hii ifanywe Februari au Machi. Masika yakishaanza kila mtu anamtafuta fundi wa makuti, na bei hubadilika.

Mito na magodoro sina mengi. Sponji hunywa maji na haikauki wiki nzima. Sufi ni nzuri ajabu ikiwa kavu na ni balaa ikilowa. Viingie ndani kila usiku, basi. Mkeka wa ukili nao usiachwe chini msimu huu, utafanya ukungu, utundike kambani.

Moto sasa, kwa kuwa najua ndio mnaoungojea. Uwekwe upande ambao upepo unaelekea, yaani wakati wa kusi, kaskazini ya waliokaa. Joto la makaa linasafiri pande zote, moshi unakwenda zake. Usiwashwe chini ya makuti wala karibu na kumba, hata jiko dogo la makaa. Makuti yakishika moto siku ya kusi huna muda wa kutafuta ndoo, na cheche haziulizi nyumba ni ya nani.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitarajii. Wengi huzungushia shimo la moto mawe ya matumbawe kwa sababu yako bure na ni mazuri machoni. Mawe hayo yana vitundu vinavyoshika maji ya mvua. Moto ukija ghafla, maji yanageuka mvuke ndani ya jiwe, na jiwe linapasuka na kurusha vipande kwa walioketi. Yakizidi kuungua yanakuwa chokaa. Pwani hii imejengwa kwa chokaa iliyochomwa hivyohivyo kutokana na matumbawe. Tumia matofali ya udongo wa kuchoma, chini weka mchanga. Kuni za mvinje zinatoa joto kali, vifuu vinashika haraka, makumbi yana moshi mwingi.

Na tafadhali, wale wanaoshusha maturubai pande zote nne kisha wakaingiza jiko la makaa katikati ili kupate joto: acheni. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu husinzia akidhani ni joto limemkolea. Upande mmoja mzima uwe wazi kila wakati.

Ukifaulu kutuliza upepo, jitayarishe kwa mbu. Kusi kali lilikuwa linawafukuza kwa niaba yako, kwani mbu si mrukaji hodari. Masika yameacha maji kwenye vifuu, kwenye matairi, kwenye sahani za chini ya vyungu vya maua. Mwaga yote mara moja kwa wiki, kabla viluwiluwi havijageuka mbu. Mbu wa malaria hupenda kuuma chini ya magoti mtu akiwa ameketi. Kwa hiyo ninapofunga kumba huacha nafasi ya shubiri moja kutoka ardhini, upepo mwembamba upite usawa wa vifundo vya miguu. Wateja hudhani fundi ameishiwa na makuti. Nikishawaeleza, huuliza kama miguu haitapata baridi. Itapata kidogo; ndiyo kazi ya leso.