Kuchangisha fedha za kampeni: maana yake

Anayetoa anachangia, anayeomba na kukusanya anachangisha. Kuchangisha fedha za kampeni, basi, ni mgombea au chama kuwaomba wanaomuunga mkono watoe fedha za kulipia mikutano, mabango, mafuta ya magari, matangazo ya redio na posho za mawakala wanaolinda kura vituoni.

Kwetu wengi tumezoea fedha zinazokwenda njia nyingine. Mgombea ndiye mtoaji: khanga, sukari, nauli ya kufika mkutanoni. Tanzania hata sheria iliwahi kulihalalisha jambo hilo kwa jina la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba linakiuka Katiba. Naona hapo ndipo kilipo kiini cha dhana yenyewe. Aliyepokea khanga amekwisha kulipwa; mbunge atamwambia hana deni naye. Aliyetoa elfu mbili yake ana haki ya kuuliza ilikwenda wapi, na siku ya kupiga kura si rahisi abaki nyumbani.

Mfano ninaoupenda ni wa Bernie Sanders wa Marekani, alipowania tiketi ya urais ya chama cha Democratic mwaka 2016. Alijivunia kwamba mchango wa wastani kwake ulikuwa dola 27. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mtu mmoja kumpa mgombea hadi dola 2,700 kwa kila uchaguzi, na mchujo wa ndani ya chama ukihesabiwa kuwa uchaguzi wa peke yake. Piga hesabu. Tajiri akizitoa zote siku moja, haombwi tena mpaka mchujo uishe. Mwenye kutoa 27 anaweza kuombwa mara 100 kabla hajafika kikomo. Ndiyo maana maombi haya hayaishi, na huzidi siku za mwisho kabla ya hesabu za michango kufungwa na kupelekwa kwa tume ya uchaguzi, kwa sababu wapinzani na waandishi wa habari huzisoma kama kipimo cha nguvu ya mgombea. (Kwa ndugu mlioko huko: mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia, mwenye viza ya masomo haruhusiwi.)

Sanders hakuipata tiketi. Kenya nako, mwanaharakati Boniface Mwangi aliwaomba wananchi wamchangie alipogombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, na hakushinda. Michango si kura, na anayeichangisha asiwaahidi watu ushindi.

Siku hizi pesa za simu zimeirahisisha kazi hii: hata mwenye shilingi 500 anaweza kuchangia akiwa shambani. Urahisi huo huo unawafaa matapeli. Ukiombwa, uliza kwanza kama namba ni ya kampeni au ya mtu binafsi, fedha zitalipia nini hasa, na nani atatoa hesabu. Tanzania, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea aeleze fedha zake za kampeni zimetoka wapi, kwa hiyo hilo si swali la kumvunjia mtu heshima.