Asiyeona na simu ya mkononi: anzia na hiyo uliyonayo

Simu ikianza ghafla kuongea kila ukiigusa, na haifungui kitu mpaka ugonge mara mbili, wengi hapa Mwanza huhesabu kwamba imeharibika. Inapelekwa kwa fundi, na fundi akishindwa kuielewa anaifuta yote, picha na namba za watu zinakwenda na maji. Kumbe simu ilikuwa nzima. Batani mbili za sauti, ya kupandisha na ya kushusha, zilibonyezwa kwa pamoja zikashikiliwa, na TalkBack ikawaka. Hiyo ni sehemu ya Android inayomsomea asiyeona kila kilichopo kwenye kioo. Shikilia tena batani zote mbili kwa sekunde tatu hivi, itazima.

Kinachonisikitisha ni kwamba kitu ambacho mwenye macho anamlipa fundi akiondoe ndicho anachokikosa shangazi yake asiyeona, na kimo ndani ya simu hiyohiyo, bure. Kwenye kitengo chetu cha uoni hafifu zinakuja familia kuulizia bei ya miwani inayoongea waliyoiona mtandaoni. Mimi huulizia kwanza simu.

Kabla hata ya simu, ulizia macho yenyewe. Mtu anaweza kukaa miaka nyumbani akiitwa kipofu kumbe ana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Presha ya macho ni habari nyingine: kilichopotea hakirudi, dawa zinalinda kilichobaki. Kwa hiyo daktari wa macho kwanza. Mafunzo ya simu yanaweza kuendelea huku matibabu yakifanyika, hayamzuii mtu dawa.

Turudi kwenye simu. Wengi wanaokata tamaa hukata siku ya kwanza, na sababu mara nyingi ni moja: sauti imewekwa Kiingereza. Meseji ya Kiswahili ikisomwa na sauti ya Kiingereza haieleweki hata na aliyeiandika. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, tafuta sauti ya kusomea maandishi, uchague Kiswahili na upakue sauti hiyo ukiwa na bando au Wi-Fi. Ikishaingia inasoma hata mtandao usipokuwepo, jambo ambalo watu wa Ukerewe na visiwa vya mbali zaidi wataliona faida yake haraka. Kama simu ni ya uwezo mdogo na inakwamakwama, kuna programu ya bure iitwayo eSpeak NG yenye Kiswahili pia. Sauti yake ni ya kiroboti, haipendezi, lakini haili nafasi kubwa na inajibu upesi. Wazee hulalamika siku mbili tatu za mwanzo, kisha wanaizoea.

Mwongozo wa vidole ni mfupi. Pitisha kidole kimoja kulia, simu inataja kitu kinachofuata. Kushoto, inarudi nyuma. Ukisikia unachotaka, gonga mara mbili popote kwenye kioo. Vidole viwili hupandisha na kushusha ukurasa. Kwenye matoleo ya miaka ya karibuni, kugonga mara mbili kwa vidole viwili kunapokea simu inayoita na kuikata, na mimi humfundisha mtu hilo kabla ya jingine lolote. Vijana wa nyumbani hukimbilia kumfundisha bibi WhatsApp siku ileile, matokeo yake bibi anaona kioo hakina mwanzo wala mwisho. Mwache apokee na kupiga simu wiki nzima, WhatsApp itakuja yenyewe.

Kuna mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa, aliyepoteza uoni ukubwani. Nilimuuliza, "Mama, namba yako ya siri ya pesa anaijua nani?" Akajibu bila kusita: mwanangu, mtoto wa dada, na yule wakala. Akacheka. Mimi sikucheka sana, maana fedha yake yote ya mtaji ilikuwa humo. Hapa ndipo simu inayosoma inapobadilisha maisha ya mtu, kuliko kamera zote za kisasa.

Tukakaa naye hatua kwa hatua. Ukipiga *150*00# au namba ya mtandao wako, TalkBack inaisoma menyu yote toka juu mpaka chini, na hapo ndipo penye tabu: ukingoja imalize ndipo uanze kutafuta kisanduku cha kuandikia, mtandao unakata na unaanza upya. Dawa yake ni kuijua njia kwa kichwa. Mama yule alikariri: kutuma pesa ni namba fulani, kuangalia salio ni namba fulani, baada ya hapo hangoji sauti imalize. Anapitisha kidole hadi kwenye kisanduku, anagonga mara mbili, anatafuta tarakimu kwa kuburuza kidole juu ya kibodi na kukiinua akiisikia. Njia ya pili ni kutumia programu ya kampuni ya simu badala ya menyu ya nyota. Inakula bando kidogo, ila kwa kawaida haikukimbizi namna hiyo.

Vaa spika ya masikioni unapoandika namba ya siri, vinginevyo simu inaweza kuitamka mbele ya foleni nzima ya wakala. Vaa sikio moja tu. Jingine liache kwa ajili ya bodaboda.

Kwa noti za mkononi usizitegemee sana programu za kutambua pesa. Lookout ya Google, kwa mfano, sehemu yake ya pesa ilitengenezewa dola, euro na rupia ya India, siyo shilingi yetu. Kukunja kila noti kwa namna yake kabla ya kutoka nyumbani bado kunafanya kazi vizuri: msimbazi mara mbili, elfu tano mara moja, buku usiikunje. Chagua mpangilio wako na usiubadilishe.

Wenye uoni hafifu ni kundi kubwa linalosahaulika, na kwa kanda yetu ya ziwa nawafikiria zaidi ndugu zetu wenye ualbino. Wengi wao wanaona, ila siyo kwa mbali, na mwanga mkali unawaumiza. Mtoto wa namna hiyo akiwekwa pamoja na wasioona kabisa na kufundishwa nukta nundu, mara nyingi utamkuta anazisoma kwa macho, amezisogeza karibu na pua. Anahitaji maandishi makubwa, kofia, kukaa mbele na mbali na dirisha, na kioo cha simu kilichogeuzwa rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi. Walimu wa shule zenye watoto hawa, kama Mitindo kule Misungwi, wanalijua hili kuliko mimi. Ninaowasema ni shule za kawaida ambako mtoto yuko peke yake darasani. Mruhusu apige picha ubao kwa simu au kishikwambi na kuikuza kwa vidole viwili. Hiyo peke yake inaweza kumwokoa asinakili daftari la jirani kila siku.

Kwa mambo yanayohitaji jicho la mtu kuna programu ya Be My Eyes, iliyoanza Denmark mwaka 2015. Unapiga simu ya video, aliyejitolea anakuambia shati ni la rangi gani au maziwa yanaisha muda lini. Sasa ina pia akili mnemba inayoelezea picha. Inasaidia, na inakosea huku ikijiamini kabisa. Kipimo cha dawa usikitoe huko, muulize mfamasia. Barabara usivuke nayo. Mitaa yetu ya milimani, Mabatini au Igogo, ina mawe na mitaro isiyofunikwa ambayo simu haiioni kwa wakati. Huko ni fimbo nyeupe, yenye urefu wa kufika kifuani.

Mwanafunzi wa chuo anahitaji NVDA, programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo cha kompyuta. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, na unaweza kuibeba kwenye flashi ukaitumia kwenye kompyuta ya maktaba. Tatizo lake kubwa ni makabrasha ya wahadhiri yaliyoskaniwa, kwani kwa kompyuta hiyo ni picha, siyo maandishi. Kwenye Windows 10 na 11, batani ya NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na herufi R huisoma picha ya namna hiyo, ikiwa imepigwa vizuri. Na wakuu wa maktaba wakumbuke kwamba Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, unaohusu kutengeneza nakala za vitabu kwa wasioona bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye haki miliki.

Picha hizohizo ndizo zinazowaacha wasioona nje kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya jumuiya. Tangazo la msiba au la mchango wa harusi linatengenezwa kama bango la picha, linatumwa, na simu ya asiyeona inataja "picha" tu. Anajua kuna jambo, hajui ni la nani. Anayetuma aongeze mstari mmoja chini yake: jina, siku, saa, mahali, na namba ya kutuma mchango.