Kamati ya fedha ya mji haina funguo za hazina

Wakazi wengi wa miji midogo ya jimbo la Massachusetts, Marekani, huamini kamati ya fedha ndiyo inayoamua: ikikataa, mji haununui shamba na wakili wake halipwi. Si hivyo.

Kazi yake hasa ni kushauri. Kuhusu ardhi, wanakamati huchambua bei, riba ya mkopo, na kodi itakayopotea, kwani ardhi ikishakuwa mali ya mji hailipiwi tena kodi. Kisha hupiga kura ya mapendekezo tu. Uamuzi ni wa mkutano wa mji, yaani kikao cha wapiga kura wa mji, na kama fedha ni za kukopa, sheria inadai theluthi mbili ya kura. Wakipiga 300, lazima 200 wakubali. Mkutano unaweza kabisa kununua eneo ambalo kamati ilisema lisinunuliwe.

Gharama za mawakili ni habari nyingine, na nadhani hapo ndipo imani hiyo ilipoanzia. Bajeti ya sheria hukadiriwa mapema, lakini kesi haisubiri mwaka wa fedha uanze. Hela zikiisha katikati ya mwaka, kamati yenyewe inaweza kuhamisha fedha kutoka mfuko wa akiba bila kuitisha mkutano. Hata hivyo, matumizi yawe yasiyo ya kawaida au yasiyotarajiwa, na mfuko wenyewe haupaswi kuzidi asilimia 5 ya kodi ya mali iliyotozwa mwaka uliotangulia. Kesi ikiburuzwa sana, akiba hukauka, na kamati hurudi mkutanoni kuomba kama idara nyingine yoyote.