Saa ya mkononi na moyo wa aliyepona saratani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Saa husikiliza moyo moja kwa moja.

Ukweli: Saa inakadiria tu. Chini yake kuna vitaa, mara nyingi vya kijani, vinavyomulika ngozi, na kihisio kinachopima mwanga unaorudi. Moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa midogo na mwanga mwingi zaidi hunyonywa. Ukiwa umetulia, makadirio hayo huwa mazuri. Taabu huanza unapotikisa mikono, kukunja ngumi au kunyanyua uzito. Baridi nayo hupunguza damu inayofika mkononi. Saa huweza hata kufuata mdundo wa miguu badala ya moyo: unakimbia hatua 150 kwa dakika, nayo inaandika mapigo 150.

Mkanda wa kifuani hupima umeme wa moyo wenyewe, ndiyo maana huaminika zaidi wakati wa mazoezi. Lakini kwa mwenye kovu la upasuaji wa titi, au ngozi iliyounguzwa na mionzi, mkanda huo unaweza kuwa mateso, na sioni sababu ya mtu kujiumiza kwa ajili ya namba. Na kama mkono mmoja huvimba tangu tezi za kwapani zilipoondolewa, saa ivaliwe mkono wa pili.

Dhana: Toa umri wako kwenye 220, upate kikomo cha mapigo yako.

Ukweli: Hapa ndipo ninapoona watu wakipotezwa zaidi, kwa sababu hata saa ingekuwa sahihi kabisa, kipimo chenyewe kina kasoro. Hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mwenye afya anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Kwa aliyepitia saratani pengo linaweza kuwa kubwa zaidi. Doksorubisini, dawa ya kutibu saratani, na nyingine za jamii yake zinaweza kudhoofisha misuli ya moyo. Mionzi ya kifua na baadhi ya dawa huweza kuvuruga neva zinazouongoza moyo, hivyo mapigo yakawa juu hata ukiwa umekaa. Upungufu wa damu huyapandisha. Dawa za beta-bloka, zinazotumika kwa moyo na shinikizo la damu, huyashusha, na anayezitumia anaweza kuchoka hoi huku saa ikionyesha kana kwamba anatembea tu.

Dhana: Kalori zinazoonyeshwa ni za kweli.

Ukweli: Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba mwaka 2017. Sita vilikadiria mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5. Kwa kalori, hata kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27. Usipunguze chakula kwa kufuata namba hiyo, hasa kama bado unarudisha uzito uliopotea.

Dhana: Namba ikiwa nzuri, niko salama.

Ukweli: Maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mrama au pumzi kukata ghafla ni sababu ya kusimama na kutafuta daktari, saa iseme isemavyo. Kwa siku za kawaida, jaribu kuzungumza: mazoezi ya wastani hukuruhusu kuongea, si kuimba. Ukiitilia saa shaka, simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Hesabu papo hapo, kwani mapigo huanza kushuka punde tu unaposimama.