Je, wajua? Spea ya inchi 16 yaweza kulifaa gari la rimu 15 kuliko spea ya 15

Ukienda kununua spea, yaani gurudumu la akiba, swali la kwanza ni "rimu ngapi?" Ukisema 15 unaletewa 15, unaondoka ukiamini saizi imelingana. Lakini namba hiyo ni kipenyo cha chuma tu. Kimo cha tairi zima hutegemea pia mpira uliokizunguka chuma hicho.

Chukua 195/65R15. Upana ni milimita 195, na ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani 126.75. Zidisha mara mbili, kwa kuwa kuna ubavu juu na chini, kisha ongeza inchi 15, ambazo ni milimita 381. Unapata 634.5. Sasa piga hesabu ya 175/65R15, nayo ni rimu 15: 608.5. Imepungua milimita 26! Ila 205/55R16, ambayo wengi wangeikataa kwa kuiona tu, inatoa 631.9. Tofauti haifiki milimita 3.

Milimita 26 zinaumiza difu, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli inayovuta. Fikiria baba na mtoto wanaotembea wameshikana mikono: ili wafike pamoja, mtoto hana budi kuongeza hatua. Kwa hesabu hiyo, tairi fupi huzunguka mara 523 kwa kilomita, refu mara 502. Tofauti kama hiyo hutokea kwenye kila kona, na vigiya vidogo ndani ya difu viliwekwa kuimeza kwa sekunde chache. Ukifunga spea fupi, kona haiishi. Barabara imenyooka, ila kwa difu gari linakata kona kutoka Chalinze hadi Morogoro. Vigiya hivyo kwa kawaida huzunguka juu ya pini bila beringi, kwa hiyo joto hupanda na oili huchoka.

Ndiyo maana spea fupi hufungwa kwenye ekseli isiyovuta. Gari la kuvuta mbele likipata pancha mbele, hamisha tairi zima la nyuma liende mbele, spea ikae nyuma. Gari linalovuta magurudumu yote halina ekseli ya kupumzisha, hivyo spea yake ilingane kimo na mengine. (Mafundi wengi huvumilia tofauti ya hadi asilimia 3, hicho ni kipimo cha mazoea, na kwa gari la namna hii hata hiyo ni nyingi.)

Kimo kikikubali, angalia matundu. Premio na Noah zote zina nati tano, ila duara linalopita katikati ya matundu ya nati kwa Premio ni milimita 100 na la Noah ni 114.3. Tundu la katikati nalo lina neno: Toyota nyingi za 114.3 zina 60.1, Nissan 66.1. Rimu ya Toyota hiyo haiingii kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu) ya Nissan. Ya Nissan inaingia kwa Toyota, lakini inacheza, na usukani unaweza kutetemeka. Nati za Honda zina kikalio cha mviringo, za Toyota za rimu ya chuma zina koni. Ukizichanganya, zinashika ukingo mdogo tu na kulegea njiani.

Jaribu spea kabla hujalipa, na uijaribie kwenye gurudumu la mbele, maana breki za mbele ndizo kubwa. Piga jeki, funga nati zote kwa mkono, zungusha gurudumu duara zima, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Ikigusa kalipa, yaani kibanio cha breki, utaisikia ikikwaruza.