VIX Kushuka Hakumaanishi Opsheni Zimekuwa Rahisi

Nimeulizwa tena, kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi, kama huu si wakati mwafaka wa kununua opsheni (mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa au fahirisi kwa bei iliyopangwa), kwa kuwa VIX, kipimo cha misukosuko ambayo bei za opsheni zinaitarajia katika soko la hisa la Marekani, imeshuka hadi 12 na opsheni "zimekuwa rahisi". Aliyeuliza si mgeni. Anaijua delta (jinsi bei ya opsheni inavyosogea pamoja na soko) na theta (thamani inayopotea kila siku muda ukipita) ya kila opsheni aliyo nayo, na kwa sababu hiyo swali lake limenikera kuliko lingetoka kwa mtu aliyeanza juzi. Bei iliyopungua na bei iliyo nafuu ni mambo mawili, na katika opsheni tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Anayenunua opsheni na kusawazisha delta yake kila siku, ili mwelekeo wa soko usimguse, hununua mwendo wa bei, na theta ndiyo kodi anayolipia mwendo huo. Mwaka una siku za soko zipatazo 252, na kipeuo chake cha pili kinakaribia 16. Kwa hiyo volatiliti tarajiwa (ukubwa wa mwendo wa bei kwa mwaka, kwa asilimia, uliomo katika bei ya opsheni) ya 16 inadai mwendo wa takriban asilimia 1 kwa siku, na ile ya 12 inadai asilimia 0.75. Soko likisogea asilimia 0.4 tu kila siku, opsheni ya 12 ni ghali, hata kama mwezi uliopita iliuzwa kwa 25. Kipimo cha unafuu ni volatiliti halisi itakayotokea katika maisha ya opsheni, na mahali VIX ilipokuwa wiki jana hapaingii kabisa katika hesabu hiyo.

Mwaka 2017 ulitufundisha somo hili kwa ada kubwa. VIX ilikuwa wastani wa takriban 11, na tarehe 3 Novemba ikafunga kwa 9.14, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Hata hivyo, S&P 500, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilisogea zaidi ya asilimia 1 katika siku 8 tu za mwaka mzima, na volatiliti halisi ikawa karibu 7. Mimi mwenyewe nilinunua mapema mwaka huo kwa hoja hiihii ninayoikemea leo, kwamba 11 ni chini mno, nikalipa theta mwezi baada ya mwezi mpaka nikachoka. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; anayeshikilia opsheni katika soko lililolala hujionea jinsi haba na haba inavyokimaliza. Na nilipokwisha kuchoka, tarehe 5 Februari 2018, VIX ilipanda kutoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja. Simaanishi basi kwamba volatiliti ikishuka tuuze tu: wauzaji wa opsheni waliozoea mapato ya 2017 waliangamia siku hiyo, kwa sababu volatiliti hushuka kwa madaha na kupanda kwa kishindo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, ambalo hata wazoefu hulipita haraka. VIX iliposhuka, ni opsheni ipi hasa iliyoshuka volatiliti? Katika opsheni za fahirisi, bei za utekelezaji (bei ambazo mkataba unaruhusu kununulia au kuuzia) za chini huwa na volatiliti kubwa kuliko za juu, kwa sababu watu hulipa zaidi kujikinga na anguko. Tuseme fahirisi iko 5,000, na kwa opsheni zinazoisha tarehe moja, bei ya utekelezaji ya 4,900 ina volatiliti ya 17, ile ya 5,000 ina 15, na ile ya 5,100 ina 13.5. Fahirisi ikipanda hadi 5,100 bila volatiliti ya bei yoyote kati ya hizo kubadilika, opsheni iliyo katikati ya soko, yaani ambayo bei yake ya utekelezaji inalingana na fahirisi, sasa ni ile ya 5,100, na kila mtu anatangaza kwamba volatiliti imeshuka kutoka 15 hadi 13.5. Haijashuka popote. Sisi ndio tuliotembea juu ya mteremko uliokuwapo tangu mwanzo. Aliyeuza opsheni ya haki ya kununua ya 5,000 kwa 15 akitarajia volatiliti ishuke ataifungua skrini, ataona VIX imeteremka, kisha atashangaa kwamba vega (faida au hasara inayoletwa na volatiliti kubadilika) haijampa chochote, kwa kuwa opsheni yake bado iko 15 na imebaki na delta inayomuumiza. VIX haitumii opsheni moja ya katikati; hukusanya kapu la opsheni za S&P 500 na kulenga siku 30, lakini kapu hilo nalo husogea pamoja na soko, kwa hiyo mtego ni uleule. Fuatilia volatiliti ya bei ya utekelezaji uliyo nayo mkononi. Sijui nimesema sentensi hiyo mara ngapi.

Wakati mwingine mteremko wote hushuka kwa kweli, hasa baada ya mshtuko kupita au kampuni kutangaza matokeo yake. Hisa iko 100, opsheni ya miezi mitatu ya haki ya kununua kwa 100 ina volatiliti ya 30, na bei yake ni karibu 6. Hisa inapanda hadi 103 huku volatiliti ikishuka hadi 20: opsheni sasa ina thamani ya takriban 5.7. Ulitabiri mwelekeo sawasawa na bado umepoteza. Kuuza opsheni ya bei ya juu zaidi dhidi ya ile uliyonunua hupunguza vega hiyo, ingawa faida nayo inapata ukomo. Hapo sina la kuongeza.

Vitabu huonya kwamba opsheni za muda mrefu ndizo huumia zaidi, kwa kuwa vega yake ni kubwa. Hiyo ni kweli endapo volatiliti za miezi yote zitashuka kwa pointi sawa, na mara nyingi haziendi hivyo. Kwa kanuni ya kipeuo cha pili cha muda, miezi mitatu ikishuka pointi 10, mwaka mmoja hushuka 5, na kwa kuwa vega ya mwaka ni mara mbili, hasara inalingana. Naitumia kanuni hiyo kila siku na siiamini kikamilifu: katika mishtuko mikubwa volatiliti ya opsheni za muda mfupi huruka zaidi ya kanuni inavyosema, na inaporudi chini hairudi kwa njia ileile.

Wala kipimo changu cha unafuu si imara kama nilivyokieleza hapo juu, kwa sababu volatiliti halisi itakayotokea haijatokea bado. Nikitazama siku 20 zilizopita, opsheni ya 12 huonekana ghali. Nikitazama siku 60 zenye siku moja mbaya ndani yake, huonekana nafuu, na siku hiyo moja ikishatoka kwenye dirisha la hesabu jibu hugeuka ghafla ilhali soko halijafanya lolote. Huwa nachukua kitu cha katikati na kupunguza ukubwa wa biashara ninayofungua. Nimemrudishia muulizaji wangu maswali mawili, bei ipi ya utekelezaji na mwendo wa asilimia ngapi kwa siku anaoutarajia, na mpaka sasa amenijibu la kwanza tu.