Si kila kinachotoa moshi ni tustroki

Neno tustroki limeshuka bei sana hapa Mwanza. Pita kijiwe chochote, kuanzia Igoma hadi Buhongwa: pikipiki ikiwa na tairi za meno makubwa, madigadi ya mbele yamenyanyuliwa juu na ekzosi inapiga kelele, hiyo tayari ni tustroki. Ikifuka moshi ndiyo imethibitishwa. Majuzi gereji nimemsikia kijana akisema, tena kwa kujiamini kabisa, "Fundi, mashine yangu siku hizi imekuwa tustroki, inakula oili." Fundi hakumjibu. Alichukua spana akaanza kufungua kichwa cha injini. Ilikuwa bodaboda ya kawaida iliyokufa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni.

Maana yenyewe ni fupi. Tustroki, au injini ya mipigo miwili kwa Kiswahili cha darasani, ni injini ambayo pistoni yake, kile chuma kinachotembea ndani ya silinda, ikipanda mara moja na kushuka mara moja imemaliza kazi yote: kuvuta hewa na mafuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Fostroki, ambayo ndiyo iko kwenye bodaboda za petroli karibu zote unazoziona mjini, kazi hiyohiyo huifanya kwa kupanda mara mbili na kushuka mara mbili. Kwa hiyo krenki ya tustroki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara moja plagi imeshawasha. Ya fostroki inazunguka mara mbili ndipo iwashe mara moja. Hiyo "mbili" haihesabu plagi, haihesabu bomba za moshi, wala haina habari na ukubwa wa injini. Kuna tustroki za cc 50 za watoto, na kuna za meli zenye silinda ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani yake.

Hapo ningeweza kuishia, lakini suala la oili haliniachi, maana ndiko upotoshaji wote unakoanzia.

Kwenye fostroki oili inakaa chini, katika chumba cha krenki, na kazi ya ringi mojawapo ni kuizuia isipande juu kwenye moto. Ukiona moshi wa bluu unatoka kwenye Boxer au TVS, oili imepita mahali isipotakiwa kupita. Ni ugonjwa. Kwenye tustroki ndogo chumba kile cha chini hakihifadhi oili hata kidogo, kwa sababu kimepewa kazi nyingine: ni pampu. Pistoni ikipanda, chini yake kunabaki nafasi inayovuta hewa na petroli kutoka kabureta. Ikishuka, inaukandamiza mchanganyiko ule, kama pampu ya baiskeli, na kuusukuma juu kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye ukuta wa silinda. Sasa niambie, ukimwaga lita moja ya oili kwenye pampu ya namna hiyo, itakaa? Itabebwa yote juu na kuungua, na plagi itazama. Ndiyo maana oili ya tustroki huja pamoja na petroli, inapakaa beringi na ukuta wa silinda ikiwa njiani, kisha inaungua na kutoka. Moshi mwepesi wa bluu asubuhi injini ikiwa ya baridi unakwambia oili imepita kazini. Injini mbili zinatoa moshi wa rangi ileile, moja ni mgonjwa na nyingine ni mzima, na mtu anayeziita kwa jina moja kwa sababu ya moshi amechanganya homa na jasho la mkulima.

Wazo hilo la kuifanya sehemu ya chini iwe pampu ni la Mwingereza Joseph Day wa mji wa Bath, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mskoti Dugald Clerk alikuwa ameshatengeneza injini ya mipigo miwili kabla yake, ila yake ilihitaji silinda ya pili kwa ajili ya kusukuma hewa. Day akaona pampu tayari ipo, ni pistoni ileile kwa upande wake wa chini. Frederick Cock, aliyefanya naye kazi, akaondoa na valvu iliyokuwa imebaki, akaiacha pistoni yenyewe ifunge na kufungua matundu. Kilichobaki ndani kinachotembea ni vitu vitatu: pistoni, krenki, na konirodi inayoziunganisha. Hakuna valvu, hakuna kamshafti ya kuzifungua, hakuna cheni ya taimingi ya kuizungusha. Kila kinachowapendeza watu kwenye tustroki ndogo, na kila kinachowaudhi, kimetokana na hapo.

Watu wa ziwani suala hili la oili wanalijua bila kufundishwa. Nenda Igombe au mwalo wa Kirumba umwangalie mvuvi wa sangara akitayarisha mafuta ya injini ya boti, zile Yamaha Enduro zilizojaa ziwa zima. Kwa kipimo cha moja kwa hamsini, dumu la lita 20 za petroli linapokea mililita 400 za oili, anatikisa, safari. Anajua akibana oili pistoni itashika ukuta akiwa katikati ya maji, na huko hakuna kijiwe. Mtu huyo hajawahi kupanda pikipiki ya porini maishani, lakini kuhusu tustroki namwamini yeye kuliko kijana mwenye kofia ya resi.

Kuna wanaojua hayo halafu wakateleza upande wa pili: wanasema mashine isiyochanganyiwa mafuta si tustroki. Nayo si kweli. Tangu 1964 Yamaha walianza kutumia mfumo waliouita Autolube: oili inawekwa kwenye tangi lake dogo, na pampu inaitia kwenye injini kadiri unavyovuta mafuta. Pikipiki zao za AG100 na DT125 ziko hivyo. Tena tustroki ya pikipiki ina oili nyingine chini, ya gia na klachi, ndani ya chumba kilichotengwa na krenki. Ukikuta nati ya kumwagia oili chini ya injini usikimbilie kusema "fostroki hiyo."

Jingine ni ekzosi. Vijana wanakata bomba la bodaboda ili lipige kelele, kisha wanajisifu wamepata mlio wa tustroki. Ekzosi ya tustroki ya kukimbia ina tumbo: inaanza nyembamba, inavimba katikati, inabana tena mwishoni. Tumbo hilo si urembo. Kwa kuwa hakuna valvu, petroli mbichi huwa inatoroka kupitia tundu la moshi kabla pistoni haijaliziba. Wimbi la moshi likigonga ile sehemu inayobana linarudi nyuma na kuisukuma petroli iliyotoroka irudi ndani ya silinda, hapohapo tundu linapozibwa. Aliyelifanyia kazi jambo hili kwa undani ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 mwendeshaji wake wa mashindano, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na maarifa hayo akayapeleka kwa Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki na Degner wakachukua ubingwa wa dunia wa cc 50. Kwa hiyo ukilikata tumbo la tustroki umekata nusu ya injini. Kelele utapata, nguvu utaiacha gereji.

Wimbi lile hurudi kwa wakati wake injini ikiwa kwenye mzunguko fulani tu. Hapo ndipo penye utamu wote. Chini ya mzunguko huo mashine imelala, inakohoa, unaweza kudhani imeharibika. Ukiongeza kidogo inaamka kwa mkupuo, na mikono inanyooka kabla hujaamua. Tustroki ya cc 125 ya motokrosi, zile mbio za njia za udongo, inatoa nguvu za farasi zaidi ya 30, wakati Boxer ya cc 150 inatoa kama 12. Ndiyo maana mashindano yameziweka tustroki ya cc 125 na fostroki ya cc 250 daraja moja. Halafu pima uzito: Yamaha YZ125 ikiwa na mafuta ni kama kilo 95.

Kwa ardhi yetu wepesi huo una maana kuliko hizo farasi. Kwenye mawe ya upande wa Bujora huhitaji mwendo, unahitaji mashine utakayoinyanyua mwenyewe ikilala ubavu kati ya mawe mawili, halafu uigeuze kwa mikono utafute njia nyingine. Pale unapanda kwa klachi, vidole viwili, na gesi ndogondogo. Kwenye luseni, ule mchanga wa kuelekea ziwani Kayenze, ni kinyume chake: ukilegeza mkono tairi la mbele linazama, kwa hiyo unaiweka kwenye ule mzunguko iliko nguvu na kubaki humo, mwili nyuma, magoti yamebana tangi. Mbuga wakati wa masika ni habari nyingine. Udongo mweusi unajaa kwenye madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka, na hapo hakuna tustroki wala fostroki, kuna kijiti cha kuchokolea. (Na majaruba ya watu tuyaheshimu. Mpunga haujui kama umekanyagwa kwa burudani.)

Mteremko nao una funzo lake. Fostroki ukiachia gesi inashika, inakusaidia breki. Tustroki inaachilia tu, inateleza kama imekatwa kamba, na anayetoka kwenye bodaboda hushtuka mara ya kwanza. Kama mafuta yako ni ya kuchanganya kuna la ziada: ukiachia gesi kabisa kwenye mteremko mrefu huku injini inazunguka kwa kasi, petroli haiji, na oili iliyo ndani ya petroli haiji pia. Wazoefu huvuta gesi kidogo kila baada ya muda, au hukamata klachi. Inasikika kama mbwembwe, kumbe wanaipa pistoni maji ya kunywa.

Matengenezo ni sababu nyingine ya watu kung'ang'ania hivi vimashine. Pistoni na ringi huisha mapema, hasa kwenye mashine za mashindano, hilo lisifichwe. Lakini kuzibadilisha ni kufungua kichwa, kuvua silinda, kuvisha pistoni mpya na kurudisha, kazi ya jioni moja kwa mtu makini. Hakuna valvu za kupima wala cheni ya taimingi ya kukosea.

Ubaya wake ni uleule ulioanzia kwa bwana Day. Sehemu ya petroli hutoka haijaungua, oili inaungua kila siku, kwa hiyo inakunywa sana na inachafua hewa. Nchi nyingi zilipokaza sheria za moshi, tustroki ziliondoka barabarani. Mwenye bodaboda anayehesabu hesabu ya tajiri kila jioni hawezi kuilisha. Na pale mwaloni, ile rangi ya upinde wa mvua juu ya maji kando ya boti, tustroki ina mchango wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye pikipiki ya Kichina ya cc 200 iliyonyanyuliwa juu, yenye tairi za meno: hiyo ni pikipiki ya porini, na ni nzuri, ila ni fostroki. Honda XL125 walizokuwa wakitembelea watu wa miradi vijijini nazo ni fostroki, pamoja na kimo chake chote. Tustroki ni ile AG100 ya bwana shamba, yenye keria mbele na nyuma na magunia juu yake, ambayo hakuna kijana anayetaka kupigwa nayo picha. Kama una shaka na yako, usiulize moshi. Muulize aliyekuuzia oili inawekwa wapi, na akikuonyesha kijiti cha kupimia kwenye chumba cha krenki, hiyo ni fostroki: kama inafuka moshi, irudishe kwa fundi akaiangalie ringi.